Wakala ni Mtu wa Amana: Idara za Serikali na Wageni Wanaoleta Mitaji

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha, umeandikwa hapa kwa ombi la waumini waliohudhuria)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyehalalisha biashara na akaharamisha dhulma ndani yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyepata kusafiri na mali ya mwenziwe na akairejesha pamoja na faida yake, akajulikana kwa watu wake kwa jina la Al-Amin. Ziwafikie pia Ahli zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, vijana wetu, na mama zetu mnaotusikiliza nyuma ya pazia. Mada ya usiku huu si ngeni katika magazeti, lakini ni ngeni katika misikiti. Tunakusudia kuzungumza juu ya zile idara za serikali zilizopewa kazi ya kuwavuta wawekezaji kutoka nje: zilianzaje, kazi yake imegeukaje, na sisi tunaokaa juu ya ardhi inayotafutwa tuna wajibu gani. Anayejiuliza mambo haya yameingiaje baina ya Magharibi na Isha, tunamwomba asubiri kidogo. Sisi wenyewe yalitufikia kwa njia ya karatasi.

KARATASI YA MZEE

Miaka michache iliyopita, baada ya darsa ya fiqhi, alitujia mzee mmoja kutoka kijiji cha pwani. Akatoa katika mfuko wa kanzu karatasi zilizokunjwa mara nne. Ya juu ilikuwa barua ya Kiingereza. Nyuma yake iliambatanishwa nakala ya orodha ya majina, na miongoni mwa majina hayo lilikuwemo lake, na mbele yake saini yake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Akatueleza kwamba waliitwa mkutanoni, wakaambiwa mgeni anakuja kulima, wakapewa posho ya kikao, na kila mmoja akatia saini kwamba amepokea. Sasa amesikia kuwa orodha ile ndiyo inayoonyeshwa kama ridhaa ya kijiji. Akatuuliza: "Ustadh, wewe umesoma. Hapa mimi nimehudhuria au nimeuza?"

Tuliona haya, ndugu zetu. Sisi tumesoma kwa Kiarabu. Milango ya wakala, ijara, muzaraa na musaqa tumeipitia mbele ya masheikh, na tungeweza kumweleza mzee yule hukumu ya mtu anayeuza mali ya mwenziwe bila ya idhini. Lakini sheria ya ardhi ya nchi tunayoishi hatukuwa tumewahi kuifungua hata ukurasa mmoja. Tulimwomba muda, tukaenda kuuliza kwa wanaojua. Haya tutakayoyasema ni sehemu ya tuliyojifunza kwa sababu ya swali lake.

BAWABU, KISHA MWENYEJI

Tuanze na historia. Ilipopata uhuru, Tanganyika haikuwafungia mlango wageni wenye mitaji. Mwaka 1963 ilipitisha sheria ya kulinda vitega uchumi vya kigeni. Mambo yaligeuka Februari 1967 kwa Azimio la Arusha, pale mabenki na viwanda vikubwa vilipotiwa mikononi mwa umma. Kwa takriban miaka 20 dola yenyewe ikawa mwenye kiwanda, mwenye duka la jumla na mwenye shamba kubwa. Katika zama hizo hapakuwa na haja kubwa ya idara ya kuwavuta wageni, kwani mwenye nyumba hakuwa akitafuta mgeni.

Miaka ya 1980 hali ikawa nzito. Viwanda vikakosa vipuri, maduka yakakosa sabuni na nguo, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya kuufungua uchumi. Mwaka huo huo Zanzibar ilipitisha sheria yake ya kulinda vitega uchumi. Bara ikafuata mwaka 1990 kwa sheria ya kukuza na kulinda uwekezaji, na kikaundwa Kituo cha Kukuza Uwekezaji. Kazi ya kituo hicho ilifanana na kazi ya bawabu: mgeni anabisha hodi, bawabu anatazama maombi yake, anamuuliza anataka kufanya nini, kisha anamkaribisha au anamrudisha. Sheria yenyewe ilitaja shughuli zilizobaki kwa dola na zile zilizohifadhiwa kwa wananchi.

Mwaka 1997 ikatungwa sheria mpya, na bawabu akavishwa vazi la mwenyeji. Kituo cha Uwekezaji Tanzania, ambacho wengi walikijua kwa herufi za TIC, kilipewa kazi ya kumpokea mgeni, kumpatia cheti cha vivutio, na kumpunguzia safari za ofisi hadi ofisi kwa kuwakalisha mahali pamoja maofisa wa kodi, ardhi, uhamiaji na kazi. Mwaka 2002 ikaja sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, na mwaka 2006 mamlaka yake, EPZA, ikaanza kazi. Mwenye kiwanda katika maeneo hayo alisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Zanzibar nayo iliunda mamlaka yake, ZIPA, kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2022 Bara ilitunga sheria nyingine, iliyoteremsha kiwango cha chini cha mtaji kwa mwekezaji Mtanzania anayetaka kusajiliwa, kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000. Na mwaka 2025 TIC na EPZA zikaunganishwa kuwa mamlaka moja ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, inayoitwa TISEZA.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo. Uganda iliunda mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1991. Kenya ilikuwa na kituo tangu mwaka 1986, kikageuzwa kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2004. Rwanda mwaka 2008 ilikusanya idara kadhaa zilizotawanyika ikazifanya bodi moja ya maendeleo. Na wote hawa wametazama mifano ya mbali zaidi: Ireland, iliyounda mamlaka yake mwaka 1949, na Singapore, iliyounda bodi yake mwaka 1961, ikaandaa viwanja, barabara na umeme huko Jurong kabla viwanda havijaja, kisha ikawatuma watu wake ng'ambo kwenda kuyatafuta makampuni iliyoyataka. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai wameiona Jebel Ali, eneo huru lililoanzishwa mwaka 1985.

Hivyo basi, ndani ya umri wa mtu mmoja, idara hii imetoka kuwa bawabu aliyeketi mlangoni, ikawa mwenyeji anayepokea, na leo ni mjumbe anayesafiri kwenda kumtafuta mgeni, kumtengea kiwanja, kumfuatilia baada ya kuingia na kumwondolea vikwazo ili asiondoke. Mabadiliko haya yana hekima ndani yake. Nani kati yetu hajaona kijana aliyehitimu akikaa barazani miaka mitatu kwa kukosa kazi? Kiwanda kinachokuja na ajira ni neema. Aliyezungushwa ofisi kumi ili apate kibali kimoja amedhulumiwa, awe mgeni au mwenyeji; na anayemwondolea adha hiyo anafanya jambo jema.

MWENYEJI ASIGEUKE DALALI

Lakini tujiulize: bawabu alipoacha mlango akaenda kumtafuta mgeni, nani amebaki mlangoni?

Hapa ndipo fiqhi inapotusaidia. Idara ya serikali kwa lugha yetu huitwa wakala, na neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na maana yake. Imam Bukhari ametenga kitabu kizima ndani ya Sahihi yake kwa jina la Wakala. Wakala ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe alitende kwa niaba yake. Mkono wake ni mkono wa amana. Hatendi nje ya mipaka aliyowekewa, wala hauzi mali ya aliyemtuma kwa bei ya hasara iliyo wazi, ile ambayo wanazuoni wanaiita ghubni. Urwa Al-Bariqi (R.A.) alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari mkononi. Mtume (S.A.W.) akamwombea baraka katika biashara yake. Huyo ndiye wakala: faida aliyoipata kwa werevu wake ilirudi kwa aliyemtuma.

Dalali ni mtu mwingine. Udalali ni kazi halali, lakini dalali hulipwa soko linapofungwa. Likifungwa kwa bei nzuri au mbaya, ujira wake anaupata. Kwa hiyo moyo wake humwambia: lifungwe upesi. Khofu yetu ni kwamba idara inayopimwa kwa idadi ya miradi iliyosajiliwa na kwa mamilioni ya dola yaliyoahidiwa huanza taratibu kufikiri kidalali, hata kama watumishi wake ni watu wema. Mradi uliosajiliwa ni ahadi, na ahadi haijawa kiwanda. Swali la wakala wa kweli huja baada ya miaka mitano: jengo limesimama? Watu wangapi wameajiriwa, kwa ujira gani? Kodi imelipwa? Aliyehamishwa amelipwa? Hesabu hizo hazipigiwi ngoma siku ya kutia saini.

Na kuna udalali mbaya kuliko huo, nao ni wa zawadi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja aitwaye Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi hizo zingemfuata. Kila mtumishi anayeketi baina ya mgeni mwenye mali na mali ya umma alipime jambo lake kwa swali hilo.

Hili si la vitabu vya kale tu. Mwaka 2006 wasuluhishi wa kimataifa walitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya World Duty Free dhidi ya serikali ya Kenya. Kampuni ilidai imenyang'anywa haki zake za maduka katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Wasuluhishi wakakuta kwamba mkataba wa mwaka 1989 ulipatikana kwa rushwa ya dola milioni 2, na kwa sababu hiyo wakayatupa madai yote. Tazameni, ndugu zetu: mgeni alitoa fedha apate mkataba, na fedha zile zile ndizo zilizouua mkataba wake. Rushwa haikumfaa aliyetoa wala nchi ambayo jina lake liliburutwa mbele ya dunia.

VIVUTIO VIWE NA SABABU

Wapo wanaosema kila msamaha wa kodi kwa mgeni ni wizi. Hatukubaliani nao. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab (R.A.) aliwatoza wafanyabiashara wa Kinabati waliokuja Madina nusu tu ya fungu la kumi katika ngano na mafuta, akikusudia bidhaa hizo ziongezeke mjini, ilhali katika jamii ya kunde aliwatoza fungu la kumi kamili. Huo ulikuwa kivutio, tena cha serikali. Lakini angalieni namna yake. Kilihusu bidhaa maalumu ambazo mji ulizihitaji. Kilikuwa na lengo lililojulikana. Wala hakikumhusu kila aliyekuja na mizigo.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya msamaha wowote ni hili: umetolewa kwa ajili ya nini, kwa muda gani, na ukiisha tutakuwa tumepata nini ambacho tusingekipata bila ya huo? Nchi za Afrika Mashariki zinashindana kwa wageni wale wale. Ikiwa kila mmoja atapunguza zaidi ya jirani yake, mgeni atakuwa amekaa kitako sisi tukipigana mnada wa kushuka. Barabara nzuri, umeme usiokatika, mahakama isiyochelewesha na vijana wenye ufundi ni vivutio pia, na hivyo hubaki kwetu hata mgeni akiondoka.

AHADI ITIMIZWE NA PANDE ZOTE MBILI

Suratul Maida imeanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Amri hiyo haikumvua asiyekuwa Muislamu, wala mgeni, wala tajiri. Mwaka wa 7 wa Hijra Mtume (S.A.W.) aliwaacha watu wa Khaybar juu ya mashamba na mitende yao wayahudumie kwa nusu ya mazao. Kila msimu alimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A.) kuyakadiria matunda. Watu wa Khaybar wakamkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Akayakataa, akawaambia kuwa hiyo ni haramu, na kwamba hisia zake juu yao hazitamfanya awadhulumu. Wakakiri wenyewe kwamba kwa uadilifu kama huo ndipo mbingu na ardhi zimesimama. Abdullah alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kusimamia mkataba na watu wasiokuwa wa umma wake. Alilinda nusu ya Waislamu isipungue, na akalinda nusu ya wenziwe isiguswe.

Nchi yetu imeonja gharama ya kutoitazama mizani hiyo mapema. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Msingi wake hauko mbali na mlango wa ghubni tuliousoma: mkataba wenye udhalimu wa wazi una njia ya kurekebishwa. Kwa njia ya mazungumzo serikali na kampuni ya Barrick walifikia makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, serikali ikapata hisa 16 kwa mia katika migodi na kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Lakini katika mwaka ule ule wa 2017 yalifutwa pia leseni za kuhodhi maeneo ya madini, na wenye mradi wa nikeli wa Ntaka wakaenda kwa wasuluhishi. Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Fedha hizo zingejenga zahanati nyingi sana. Funzo tunalolipata ni kwamba mkataba huchunguzwa kabla ya wino kukauka. Baada ya hapo kila neno lina bei.

Na lipo jambo lingine ambalo ni lazima tulisema humu msikitini, ingawa ni chungu. Mwaka 2023 nchi nzima ilijadili makubaliano baina ya Tanzania na Dubai juu ya bandari, ambayo Bunge liliyaridhia mwezi Juni, na mikataba na kampuni ya DP World juu ya bandari ya Dar es Salaam ikatiwa saini mwezi Oktoba kwa miaka 30. Tuliwasikia watu wakiyapinga kwa sababu tu mgeni ni Mwarabu. Tukawasikia ndugu zetu wakiyatetea kwa sababu hiyo hiyo. Makundi yote mawili hayakuwa yamesoma kifungu kimoja. Mwenye kupima mkataba kwa dini au rangi ya aliyekuja nao amejivua hoja. Kwani Muislamu anaweza kupunja, na asiyekuwa Muislamu anaweza kutimiza. Tulipaswa kuuliza muda, malipo, namna ya kutoka, na ajira za makuli na makarani. Baadhi ya Watanzania wa kila dini waliuliza hayo, nao ndio waliofanya kazi ya mwenye mali.

ARDHI YA KIJIJI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zimeweka kwamba asiyekuwa raia hamiliki ardhi Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kupitia idara ya uwekezaji, ambayo hushika hati na kumpa mgeni haki itokanayo na hati hiyo kwa muda maalumu. Kwa hiyo idara ile ile inayomkaribisha mgeni ndiyo pia inayoshika ardhi kwa ajili yake. Kofia mbili juu ya kichwa kimoja.

Ardhi ya kijiji haiendi moja kwa moja kwa mgeni. Ni lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Na sheria imesema wazi kwamba uhamisho haufanyiki kabla ya kukubaliwa fidia: aina yake, kiasi chake, namna ya kulipwa na wakati wake. Wanakijiji wengi hawajui pia kwamba ardhi iliyokwisha kuwa ya jumla hairudi yenyewe kijijini mgeni anaposhindwa.

Kisarawe ni shahidi. Kampuni ya Sun Biofuels ilipata takriban hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11 ili kulima mbono kaburi kwa ajili ya mafuta. Yaliahidiwa mengi, yakiwemo ajira na huduma. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, wafanyakazi wakaachishwa, mashamba yakapita kwa mwingine, na wanakijiji wakabaki wakilalamikia fidia na maji. Hatumtuhumu mtu niya yake. Kampuni hufilisika kama mfanyabiashara yeyote. Lakini nani alikuwa ameandika, kabla ya kutoa, kitakachotokea mgeni akianguka?

WAJIBU WETU

Ndugu zetu, ni rahisi kumaliza mhadhara kwa kuilaumu serikali. Lakini katika fiqhi aliyetuma ana wajibu wake pia. Asipoweka mipaka, asipouliza hesabu, akatia saini bila kusoma, ameshiriki katika hasara yake. Tunausia mambo manne.

Kwanza, tusome kabla ya kutia saini, na asiyeweza kusoma asomewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeamrisha deni la muda liandikwe na mwandishi muadilifu mbele ya mashahidi; na ikiwa anayedaiwa ni dhaifu, basi walii wake amsemee kwa uadilifu. Mzee asiyejua Kiingereza mbele ya mkataba wa Kiingereza ni katika hao madhaifu, na walii wake ni kijana wa kijiji aliyesoma. Enyi vijana, kila mmoja wenu aliyefika kidato cha sita au chuo ana deni hilo kwa babu yake.

Pili, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji kama tunavyohudhuria Ijumaa, na orodha ya posho isichanganywe na orodha ya ridhaa. Kila muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya saini, na nakala ibaki kijijini.

Tatu, tuandikishe tulichonacho. Misikiti, madrasa na makaburi mengi ya vijijini yako juu ya ardhi isiyo na hati wala ramani. Sheria hiyo hiyo ya vijiji imeweka hati ya hakimiliki ya kimila na mpango wa matumizi ya ardhi. Waqfu usioandikwa unalindwa na kumbukumbu za wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Nne, tuwe waadilifu kwa mgeni. Aliyekuja kwa njia iliyo wazi, akalipa, akaajiri, asiibiwe nyaya wala mbolea, wala asisingiziwe. Mfanyakazi anayeiba saa za kazi naye ni mkhaini wa mkataba.

Ama mzee yule, tulimrudia baada ya wiki mbili pamoja na mtu mwenye kuijua sheria. Tukamwambia: kwa unavyotueleza, ulihudhuria, lakini karatasi inasema umeuza, na karatasi ndiyo itakayosikilizwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi twende tukaseme kabla haijasikilizwa." Yeye na wenziwe waliandika barua kuomba mkutano uitishwe upya. Uliitishwa. Mgeni hakufukuzwa, wala hakuna aliyetaka afukuzwe. Kisima na makaburi yakatolewa nje ya ramani, fidia ikatajwa kwa kiasi na tarehe, na majina ya waliokubali yakaandikwa katika karatasi yake peke yake. Mzee alitia saini yake kwa herufi zile zile za Kiarabu, safari hii baada ya mjukuu wake kumsomea mstari kwa mstari.

Si kila kijiji kinapata nafasi ya pili. Tunamuomba Allah (S.W.) awape viongozi wetu na watumishi wa idara hizi moyo wa Urwa na uadilifu wa Abdullah bin Rawaha, atupe sisi macho ya kusoma kabla ya mkono wa kutia saini, na aibariki rizki ya halali itakayoingia katika nchi hii, iwe imeletwa na mgeni au mwenyeji.

Wa billahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.